Shahidi wa Jasi Nyuma ya Kabati la Mama Kapinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo ndogo nikaambiwa nikagonge ukuta. Nilikuwa nimevaa sketi mpya na viatu vya kisigino, kwa sababu mama yangu alishikilia kwamba mtu anayekwenda kufanya kazi ya Leta lazima aonekane. Leta ndivyo tunavyoiita serikali hapa Lubumbashi. Nilikuwa na diploma ya ujenzi, nilikuwa na kalamu mpya mfukoni, na moyoni nilikuwa nimeshajichagulia meza karibu na dirisha. Chef wa Divisheni, mtu mnene aliyeshikilia suruali yake kwa bretele, zile kanda za mabegani, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akavuta droo, akatoa ile nyundo.

"Mademoiselle, unajua kusoma plan?"

"Ndiyo, Chef."

"Bon. Mur yeye haisomake plan. Enda kagonge."

Mur ni ukuta, basi nikagonga kuta za ofisi yetu wenyewe tangu asubuhi hadi mkono ukafa ganzi. Wenzangu walipita na mafaili yao wakinicheka. Jioni Chef aliniuliza ni wapi ukuta ulikuwa mgonjwa, nami nikampeleka nyuma ya kiti chake. Pale lipu ilikuwa imeachana na matofali, na ukigonga ilitoa sauti ya debe tupu badala ya sauti ya kitu kizima. Chef alisikiliza, akagonga yeye mwenyewe, akaguna. Kisha akasogeza meza yake upande wa pili wa chumba na kuendelea na kazi kwa miaka, ukuta ule haujatengenezwa. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kukagua majengo, na siku hiyohiyo nikaanza kuelewa kwamba kujua ugonjwa wa nyumba ni jambo moja, na kumfanya mwenye nyumba aushughulikie ni jambo lingine kabisa.

Ninyi wakaguzi vijana mnaopiga picha nyufa kwa simu mtanivumilia nikieleza mambo ya msingi. Ufa si ugonjwa, ufa ni dalili. Kuna ufa unaolala na kuna ufa unaotembea. Unaolala ulifunguka zamani, pengine lipu ilipokuwa inakauka, ukatulia. Huo utauziba na kupaka rangi, mambo yamekwisha. Unaotembea una jambo nyuma yake. Labda chuma ndani ya zege kimepata kutu, na chuma chenye kutu huvimba, kikaipasua zege kutoka ndani. Labda kuna uzito usiokuwa wa pale. Labda msingi unashuka upande mmoja. Kwa macho tu huwezi kujua ufa upi ni upi, hata uwe na diploma za kujaza sanduku.

Kwa hiyo tunaweka shahidi, témoin kwa Kifaransa. Unachukua jasi, ile poda nyeupe, unaikoroga na maji, unaibandika juu ya ufa kama plasta juu ya kidonda, unaandika tarehe kwa penseli, unakwenda zako. Jasi ikikauka haina uvumilivu, hainyooki hata kidogo. Ukuta ukisogea unene wa unywele, jasi inapasuka. Ukirudi ukaikuta nzima, ufa umelala. Ukiikuta imevunjika, ufa unatembea, na hapo unaanza kutafuta sababu.

Baada ya miaka kadhaa mjini nilipelekwa Mokambo, mpakani na Zambia, kukagua majengo ya Leta na maghala ya wafanyabiashara. Huko niliwakuta watu wamepanga magunia ya unga hadi dari katika ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya meza na karani. Mimi nilikuwa na hasira za ujana. Nilikuwa naingia, natazama boriti iliyopinda, napaza sauti: toeni, tokeni, fungeni. Hakuna aliyetoa wala aliyetoka. Bosi wangu wa huko, Chef de Poste, alikuwa mtu wa sauti ndogo aliyependa amani na samaki wa kukaanga. Siku moja alinivuta pembeni.

"Ngalula, sikia. Usibaambie batu 'mutoke'. Mutu akisikia 'mutoke', anasikia banamufukuza. Baambie 'musaidie nyumba'. Nyumba inachoka, musaidie."

Niliona ni maneno ya mzee anayekwepa ugomvi. Kesho yake nikayajaribu kwa mama mmoja mwenye ghala, ili tu nimwonyeshe Chef kuwa hayafanyi kazi. Yule mama alinisikiliza, akaitazama boriti yake kwa huruma, na kabla ya mchana magunia yalikuwa chini. Nilikasirika sana, lakini maneno nikayabeba.

Kutoka Mokambo nikahamishiwa Ruashi. Huko watu hujijengea wenyewe, kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na ukitaka udongo mzuri wa matofali unaupata kwenye kichuguu, ambacho sisi tunakiita kiulu. Viulu vya kwetu si vya kuchekesha, vingine ni virefu kuliko nyumba. Mtu anakibomoa, anachoma matofali, anasawazisha mahali, kisha anajenga palepale. Lakini udongo wa kiulu ni mfinyanzi unaokunywa maji. Masika unavimba, kiangazi unanywea na kujitenga na msingi. Nyumba ikikaa nusu juu ya kiulu cha zamani na nusu juu ya ardhi ya kawaida, nusu moja inapanda na kushuka kila mwaka na nyingine imetulia. Chef de Bureau wa Ruashi, mkuu wa ofisi, hakutazama ukuta wowote kabla ya kuuliza familia za zamani za mtaa: hapa kiulu kilikuwa wapi? Akishajua, anakagua mara mbili, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, kwa sababu ufa wa kiulu unajifunga wakati wa mvua na kujionyesha wakati wa jua.

Nilipokaribia mwisho wa kazi nikarudishwa mjini, na ndipo ile amri ilipotoka: kila jengo la ghorofa la zamani lenye wenyewe wengi likaguliwe, watake wasitake. Nadhani mnayajua majengo hayo. Zamani kampuni kubwa ziliwajengea makada wao, baadaye vyumba vikauzwa kwa waliokuwa wakikaa humo, mmoja mmoja. Kifaransa wanaita copropriété, nyumba moja yenye wenyewe wengi. Kila mtu alinunua saluni yake, jiko lake na vyumba vyake vya kulala. Ngazi, paa na msingi hakuna aliyevinunua, na kwa hiyo hakuna aliyevitunza.

Wakati huo watu walikuwa wameshanibatiza Mama Fisire, kwa sababu ya hizo nyufa, fissure kwa Kifaransa, nilizokuwa nazitafuta. Nikishuka kwenye gari watoto walikuwa wanapiga kelele, "Mama Fisire ameshafika!" na wazazi wao wanaanza kusogeza makabati mbele ya kuta. Sikukasirika. Mtu aliyepata nyumba kwa jasho la maisha yake yote hapendi mgeni anayekuja kuigonga kwa nyundo.

Jengo ninalotaka kuwasimulia lilikuwa na ghorofa nne, na watu waliliita Kwa Bandege kwa sababu ya mbayuwayu waliojaza viota chini ya paa. Tulifika mara ya kwanza mwisho wa masika. Ufa ulianzia chini, katika saluni ya mjane mmoja, Mama Kapinga, ukapanda nyuma ya vigae vya ngazi ambako haukuonekana tena. Mwenye nyumba alikuwa sokoni. Binti yake, aliyekuja kumtembelea kutoka Likasi, ndiye aliyetufungulia. Tukasogeza kabati la sahani, nikabandika shahidi juu ya ufa, nikaandika tarehe, nikamweleza yule binti kila kitu kwa utaratibu. Nje nikateremsha timazi kutoka pembe ya paa, uzi wenye risasi mwishoni, nikaweka alama ukutani mahali iliposimama. Tukaaga. Binti naye akarudi kwake Likasi.

Tulirudi mwisho wa kiangazi, joto limeshika kichwa na mawingu ya mvua ya kwanza yanajikusanya upande wa Kipushi. Safari hii Chef wa Divisheni alikuja mwenyewe. Huyu alikuwa mpya, mwembamba, mwenye haraka, kila mara anatazama saa. Na Kwa Bandege walitupokea kama harusi. Ngazi zilioshwa kwa sabuni. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Mbele alisimama Papa Ilunga, muuza vipuri wa ghorofa ya nne na rais wa wenye nyumba, katika koti na tai juani.

"Karibu, Chef. Nyumba yetu iko propre, utaona mwenyewe."

Kwa Mama Kapinga ilikuwa zaidi. Alikuwa mama mfupi mnyamavu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, ufunguo wa nyumba unaning'inia shingoni kwa kamba. Kabati lilikuwa limeshasogezwa. Ukuta wote ulikuwa laini, umepakwa rangi mpya, na katikati yake shahidi wangu mweupe alikuwa mzima kabisa, tarehe yake inasomeka vizuri, vizuri kuliko mwandiko wangu.

Nilifurahi. Nakiri nilifurahi, kwa sababu nilishaipenda nyumba ile na mbayuwayu wake. Kisha nikatoka nje kuteremsha timazi, na risasi haikusimama kwenye alama. Ilisimama mbali nayo, upana wa kidole. Pembe ya jengo ilikuwa imeegemea nje.

"Ni mupepo," alisema Chef wa Divisheni. "Mupepo inasukuma kamba. Témoin si iko muzima? Andika rien à signaler, hakuna neno, tuende, bananingojea ku mairie."

Hapakuwa na upepo, mbayuwayu wenyewe walikuwa wanatweta kwa joto. Nikarudi ndani, nikasimama mbele ya shahidi. Timazi ilisema ukuta umetembea, jasi ilisema umelala, na mojawapo ilikuwa inanidanganya. Nikaigusa jasi kwa kidole gumba. Jasi iliyokauka haiachi kitu mkononi, lakini kidole changu kilitoka cheupe. Nikakinusa. Halafu, mbele ya Chef wa Divisheni, Papa Ilunga na majirani waliojaa ngazini, nikakilamba kidole, na kwa kuwa sikuamini, nikainama nikalamba ukuta.

"Madame Ngalula!" alisema Chef wa Divisheni.

Ilikuwa pemba. Mwanamke yeyote wa Lubumbashi aliyewahi kubeba mimba anaijua, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, unaoutafuna kwa siri ukinukia mvua ya kwanza. Mimi nilibeba mimba mara kadhaa, na ulimi wangu hausahau.

"Mama Kapinga," nikamwuliza, "hii pemba iliingia namna gani mu témoin yangu?"

Aliangalia chini, akaushika ule ufunguo wa shingoni.

"Munisamehe, Mama. Ilipasukaka. Mi siiguse, ilipasuka yeye mwenyewe. Nilisikia haya. Kintu ya Leta, banakuachia mu nyumba yako, inaharibika, bakirudia utasema nini? Njo nikatengeneza. Nilichukua pemba na maji kidogo, nikapakala na mugongo ya kijiko. Na date, nikaandika mupya, vile ilikuwaka."

Nilicheka. Siwezi kusema uongo, nilicheka hadi nikashika kabati, na watu wa ngazini wakacheka nami, na Mama Kapinga mwenyewe akaanza kutabasamu. Halafu akaongeza, kwa kutaka tu nijue alivyojitahidi:

"Kila mara ikipasuka, natengeneza. Ilipasukaka mara mingi."

Nikaliachia kabati. Ukuta ulikuwa umetembea kiangazi chote, tena na tena, na mama huyu mwenye adabu alikuwa amefuta kila hatua yake kwa kijiko. Huo ulikuwa ufa wa kiulu, kama zile za Ruashi: kulikuwa na nafasi tupu chini ya msingi, mahali udongo uliponywea, na mvua ya kwanza ilikuwa juu ya Kipushi. Maji yakiingia katika nafasi ile kwa ghafla, pembe ile yote ingeweza kushuka, na saluni ya Mama Kapinga ilikuwa ndani ya pembe ile.

Chef wa Divisheni, lazima nimpe haki yake, aliacha kutazama saa. Alitaka kusema "évacuation" palepale, watu wote watoke, kwa sauti ya amri, nikamwomba aniachie. Nilikaa na Mama Kapinga kwenye kochi lake nikazungumza maneno ya Mokambo.

"Mama, nyumba inachoka. Tuisaidie. Ulale fasi ingine mu hizi siku, tuitengeneze, utarudia."

"Hapana."

"Mama, mur inaweza anguka."

"Ianguke. Mama, wee haujue. Bwana yangu alikufa, hata matanga haikuisha, bandugu yake balikuya na camion juu ya kubeba bintu. Niliketi mu mulango. Nilibaambia: mupite juu yangu. Balirudia. Lakini banangojeaka. Siku nitatoka na valize ya nguo, hata siku moja tu, bataingia, na sitarudia tena. Ufunguo njo huyu, unaona? Nalalaka naye. Mi sitoke."

Shuleni hatukufundishwa uzito wa mashemeji. Nilijua kwamba anayosema ni kweli, na nilijua kwamba ukuta hautamhurumia kwa sababu anasema kweli. Nilimshika mkono, tukasikiliza mbayuwayu.

Mchana ule tuliwakusanya wenye nyumba wote uani. Nikaeleza: tutaweka nguzo za chuma za kuegemeza, tutahamisha watu wa pembe ile kwa muda, tutachimba chini ya ukuta vipande vifupi vifupi, tukijaza zege kila kipande kabla ya kufungua kinachofuata, maana ukichimba wote mara moja umeiua nyumba mwenyewe. Kazi hii itatoka kwa wote. Papa Ilunga akasimama, akanyoosha tai.

"Mama Fisire, tunakuheshimu. Mais fondation ni ya bale benye bako chini. Mi niko ku etage ya ine. Mi na fondation hatujuane."

Watu wa chini wakapiga kelele kwamba basi na paa linalovuja ni la kwake peke yake. Ilikuwa karibu ngumi zianze.

"Papa Ilunga," nikasema, "mulango ya chumba yako ya kulala, haikwaruzake chini?"

"Inakwaruza. Kila kiangazi. Namwitaka menuisier na randa yake, anapunguza."

"Na masika?"

Nilimwona anafikiri. "Masika inafunga muzuri," akasema pole pole.

"Mulango yako njo inacheza na fondation, Papa. Iko ku etage ya ine, lakini inaijua kuliko weye. Ukuta ya Mama Kapinga ikitembea, yako inatembea. Akianguka, utamufikia chini."

Papa Ilunga alikaa, akavua tai, akaiweka mfukoni. Kisha akasema Mama Kapinga atalala kwake, katika chumba cha binti zake, kilicho upande wa pili, mbali na pembe ile.

Lakini Mama Kapinga alikubali kwa sharti lake mwenyewe. Usiku atalala kwa Papa Ilunga. Mchana atakaa mbele ya mlango wake, hatua chache nje ya pembe ya hatari, na hapo atawapikia mafundi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tulipofungua shimo la kwanza tukakuta udongo mwekundu wa kiulu chini ya nusu ya msingi, umepasuka na kujitenga na zege hadi mkono unapita. Akina mama wajawazito wa mtaa walisikia habari wakaja kuomba mabonge yake ya kutafuna, nasi tukawapa. Mama Kapinga alikaa kwenye kiti chake, sufuria ya maharage mbele, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, ufunguo shingoni, akitazama kila anayepita lango.

Mashemeji walikuja, kama alivyosema. Walikuja wamevaa vizuri, na maneno matamu: wamesikia nyumba ya marehemu kaka yao ina taabu, wamekuja kuilinda. Mimi nilikuwa shimoni, nikatoa kichwa. Mama Kapinga hakuinuka hata kitini.

"Muingie tu," aliwaambia. "Mulango, nitabafungulia. Chef amesema palafoni inaweza anguka juu ya bichwa saa yoyote, mais nyinyi si ni bandugu? Muingie."

Walitazama nguzo za chuma, wakatazama shimo, wakanitazama mimi na vumbi langu. Wakasema watapita siku nyingine. Mafundi walikula maharage siku ile wakiimba.

Mvua ilipofika ilitukuta tumemaliza vipande vya hatari. Ukuta ukasimama. Mama Kapinga akarudi kwake, nami nikamwekea shahidi mpya, safari hii yeye mwenyewe akishika bakuli la jasi. Nikamweleza yeye pole pole, si binti yake, si rais.

"Hii, Mama, kazi yake ni kupasuka. Ikipasuka haikuharibika, imesema. Usiguse. Utoke inje, unipigie simu."

"Nitoke peke yangu?"

"Na batu bote."

Alipangusa kijiko kwa pindo la kitenge.

"Kutoka njo iko nguvu," akasema.

Kwetu nguvu ni ugumu, na alisema kweli.

Muda si mrefu baadaye nikastaafu. Walinifanyia karamu ndogo ofisini, Chef wa Divisheni akatoa hotuba na kueleza wageni jinsi nilivyolamba ukuta, na wakanipa saa ya ukutani. Niliitundika nyumbani mwenyewe, baada ya kugonga kwanza kutafuta mahali pazima. Kwa kuwa mnaniuliza kazi ile ilinifundisha nini, nitasema: niliingia nikidhani nakagua zege. Zege ni nyepesi, ina kanuni zake. Kigumu ni kwamba nyuma ya kila ufa kuna mtu amesogeza kabati, na ana sababu. Usipoijua sababu yake hutaujua ufa wake. Mkaguzi anayewadharau watu atadanganywa na kuta maisha yake yote, nami nimewaona wa namna hiyo, wengine na magari mazuri.

Asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nachambua matembele kwa ajili ya chakula cha mchana, simu ililia.

"Mama Fisire, ni mi Kapinga. Imepasuka. Sikugusa."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kelele ya watu wengi. Nilimpigia Chef de Bureau aliyechukua nafasi yangu, binti hodari, nikapanda taksi nikiwa na kandambili zangu za jikoni. Tulipofika Kwa Bandege, jengo zima lilikuwa uani. Watu walikuwa katika vitenge na fulana, mwingine ana povu la sabuni kwenye ndevu, mwingine amebeba sufuria ya mchele iliyokuwa bado inafuka. Papa Ilunga wa ghorofa ya nne alikuwa amembeba mama yake mzee mgongoni.

"Témoin yetu imepasuka," aliniambia. Alisema yetu.

Chef de Bureau akaanza kazi. Aliteremsha timazi nje, akapima, akapima tena, akaingia ndani kugonga ukuta wote. Sisi tulisubiri juani. Alipotoka alikuwa anatabasamu kwa aibu kidogo kwa niaba yangu: timazi ilikuwa palepale kwenye alama, ukuta haujasogea. Jasi ndiyo iliyokorogwa vibaya, maji mengi mno, ikajipasukia yenyewe. Fundi wa jasi ile ninyi mnamjua.

Nilingoja watu wagombe. Walikuwa wametolewa vitandani na jikoni kwa ajili ya kosa la mama mstaafu. Papa Ilunga alimteremsha mama yake kwenye kiti, akajinyoosha mgongo.

"Haina neno," akasema. "Siku ikipasuka tena, tutatoka tena."

Wakaanza kupanda ngazi, wanataniana, mwenye povu akikimbilia maji. Mama Kapinga alikuwa wa mwisho. Aliingiza mkono kifuani kutafuta ufunguo, akaushika, akaenda nao hadi mlangoni, na hapo akasimama. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi kabisa, tangu asubuhi, mtu yeyote angeweza kuingia.

"Mama Kapinga," nikasema, "haukufunga?"

Aliutazama mlango, kisha akatazama juu, ghorofa hadi ghorofa.

"Nilisahau," akasema. "Nilikuwa nagonga milango ya benzangu."

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha, nina umri wa kulia ninapotaka. Yeye aliingia ndani, akauacha mlango wazi nyuma yake, akatuita tunywe chai.